Tumbo la Nyar Granville

Ishmael Omollo alikuwa mtu mpole kabisa, mradi usisogelee gitaa lake ukiwa umeshika dreli. Watu wa Granville, mtaa mmoja wa Sydney, waliomjua kwa makabati yake ya jikoni hawakuwahi kumwona amekasirika. Mteja angebadili mawazo juu ya rangi ya milango hata baada ya milango kupakwa, naye angejibu "no worries" na kurudi kupiga msasa upya. Lakini kwenye mambo ya magitaa Omollo alikuwa Mjaluo aliyekamilika. Alikuwa na maringo, alikuwa na maneno, na hakukubali kushindwa hata na mtu aliyekwisha kumshinda.

Ugonjwa huo aliuokota barabarani. Sydney ina desturi moja nzuri ambayo mgeni huijua kabla hajajua jina la mbunge wake: siku ikitangazwa, watu hutoa nje vitu vikubwa wasivyovitaka na kuviacha kwenye nyasi mbele ya nyumba, na mwenye macho hujichukulia kabla lori halijapita. Omollo alipata hapo kochi lake la kwanza, akapata na meza, na asubuhi moja akapata gitaa lililopasuka mgongo. Halikuwa gitaa la aina aliyoijua. Tumbo lake lilikuwa limebinuka kama la fidla, na badala ya tundu moja la duara lilikuwa na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f. Alilibeba mpaka nyumbani kwa mkewe Kendi, muuguzi wa Kimeru asiye na muda wa upuuzi.

"Watu wanatoa takataka nje," Kendi alisema, "wewe unaziingiza ndani."

Omollo alilifungua lile gitaa kwa mvuke na kisu chembamba, akitaka tu kuona lilivyoundwa. Alichokiona kilimkalisha chini. Lile tumbo halikukunjwa wala kushindiliwa kwa mashine. Mtu fulani alichukua ubao mnene, akauchonga nje ukawa kilima, akaugeuza akauchonga ndani ukawa bonde, akaacha unene kidogo katikati na wembamba pembeni, kwa mkono, mpaka ule ubao mzima ukabaki ngozi. Baadaye alisoma kwamba magitaa ya namna hiyo ndiyo wapigaji wa jazi walikuwa wakiyaabudu, kwa sababu yana sauti nene na kavu, inayosema neno likaeleweka. Kuanzia hapo fundi wa makabati akawa hana Jumapili. Jumamosi haikuguswa, maana ni Msabato na siku hiyo hashiki hata bisibisi, lakini Jumapili wenzake wakielekea makanisani, yeye alijifungia karakana akichonga.

Gitaa lake la kwanza lilifaa kuwekea matunda. La pili lilitoa sauti ya kabati, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote. Lakini mkono huzoea, na hili la karibuni lilikuwa habari nyingine. Tumbo lake lilitoka kwenye msonobari wa nchi za baridi, mweupe, wenye mistari iliyonyooka. Mgongo wake ulikuwa mti mgumu wa Queensland. Majira yote ya baridi Omollo alichonga kidogo, akagonga kwa kidole, akasikiliza, akachonga tena. Siku alipolifunga nyuzi na kulipiga peke yake, bila waya wala spika, machozi yalimtoka, akamshukuru Mungu kwamba Kendi alikuwa kazini. Akalipa jina kama kwao wanavyomwita mwanamke kwa mahali atokako. Akaliita Nyar Granville, binti wa Granville.

Binti mzuri hakosi mchumba. Huyu aliitwa Balthazar, mtu wa Butembo, mrefu, mwenye suti ya Jumapili na kofia ya siku zote, aliyeendesha foklifti katika ghala moja la Smithfield na kupiga gitaa la solo katika kanisa la Wakongomani pale Fairfield. Alikuwa amekuja karakana kuulizia kabati la mkewe, akaliona gitaa likining'inia ukutani, na habari za kabati zikaishia hapo. Aliomba alishike. Alilipakata, akaegemeza kidevu, akacharaza sebene moja taratibu, ya zamani, ile ya watu kucheza bila kuhama walipo.

Omollo aliacha gundi ikauka kwenye brashi. Yeye alikulia kwenye muziki wa kwao, gitaa linakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa, na siku zote alikuwa akiwacheka Wakongomani kwamba wanapiga gitaa utadhani wanajipaka mafuta. Siku hiyo hakucheka. Kwa mara ya kwanza alisikia kazi ya mikono yake ikisema kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kama amekiweka ndani.

"Huyu ni wako, Papa Balthazar," alisema kabla hajafikiri.

Bei walielewana kindugu, na hilo halituhusu. Sharti lilikuwa moja tu: binti asitobolewe.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu ugomvi wote ulitoka hapa. Gitaa kama lile peke yake lina sauti ya sebuleni. Ukiliweka kanisani kati ya ngoma, kinanda na waimbaji wenye pumzi za Kikongo, halisikiki. Ni lazima lipate pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ambayo husikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Pikapu zipo za namna nyingi, lakini kwa gitaa la tumbo la kuchonga njia kubwa ni mbili. Unaweza kuining'iniza juu ya tumbo, imeshikwa pembeni, isiguse mti hata kidogo. Au unaweza kukata shimo na kuizika ndani. Ya kuzika ina nguvu na haipigi kelele ovyo, lakini ukishalikata tumbo umelikata. Ule mti ulioukondesha majira mazima ili uimbe unabeba chuma, na sauti yake ya asili hairudi. Wako mafundi wanaofanya hivyo na hulala usingizi. Omollo si mmoja wao.

Kwa hiyo alianza na ya kuning'iniza. Alizungusha waya mwenyewe, akaifunga, akamwita Balthazar. Mgeni akapiga, akasikiliza, akakunja uso kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

"Fundi, sauti iko mu blanketi," alisema. "Haiko na macho."

Omollo akaitoa, akatengeneza nyingine yenye mizunguko michache ya waya, ili sauti ing'ae zaidi. Kwa masikio yake ilikuwa asali. Balthazar akazungusha kitufe cha sauti za juu mpaka mwisho, akapiga, akatikisa kichwa. Bado blanketi. Omollo, kwa kukata tamaa, akafunga kidude cha kuwekwa chini ya kidaraja kinachobeba nyuzi, ambacho hakitumii sumaku bali husikia mtikisiko wa mti wenyewe. Hicho kilikuwa kikali hata meno yake Omollo yakauma. Mbwa wa jirani aliondoka uani.

"Hii afadhali kidogo," Balthazar akasema. "Mais bado. Nitaipeleka kanisa tuone."

Alirudi Jumapili iliyofuata jioni, gitaa likiwa kwenye mfuko wake, na uso wake haukuwa na habari njema. Alieleza kwamba watoto walilia wakati wa sifa. Mama mmoja alitoka nje akishika kichwa. Baada ya ibada wazee wa kanisa waliketi, wakalichunguza lile gitaa pande zote, wakakubaliana kwamba lina kitu kisicho cha kawaida. Wakaliombea. Omollo, ambaye hana ugomvi na maombi, alikuwa akiitikia kwa kichwa mpaka alipofungua mfuko. Nyar Granville alikuwa anang'aa mwili mzima. Mafuta ya zeituni yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye tundu la f la upande wa kushoto.

"Walimpaka wapi?" Omollo aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kila mahali, fundi. Mchungaji wetu hafanyake kazi nusu."

Ndani ya gitaa la kuchonga mti hauna vanishi. Ni mti mtupu, unakunywa mafuta kama mandazi. Omollo akachukua vitambaa, unga wa kunyonya mafuta na kioo cha daktari wa meno, akaanza kazi. Nje kulikuwa na joto la Desemba. Kwenye mti mkubwa wa nyuma ya uzio nyenje walikuwa wameamka na kiangazi, maelfu kwa maelfu, wanapiga ule ukelele wao mkali unaoingia hata kwenye fizi. Vijana wa gereji ya jirani walikuwa wanaongea kwa kupayuka ili wasikilizane. Omollo mwenyewe alikuwa amefunga dirisha na bado hakupata nafuu.

Balthazar alijiegemeza mlangoni, akashusha pumzi, akatazama ule mti kwa huzuni kidogo.

"Unajua ni kitu gani ninakosa huu mwaka?" alisema. "Nyenje. Hawakuja. Kila Krismasi walikuwaka hapa. Nafikiri ni hii climate change."

Omollo alibaki na kitambaa mkononi. Alimwangalia rafiki yake kuona kama anatania, akaona hatanii. Kisha akaona mambo yote yakipangana: blanketi, kitufe kilichozungushwa mpaka mwisho, meno yake, mbwa wa jirani, watoto waliolia. Wazee wa kanisa walikuwa wameombea gitaa. Mgonjwa alikuwa amekaa pembeni, hakuna aliyempaka hata tone.

"Papa Balthazar," alianza.

"Naam?"

"Hapana kitu. Lete unga huo."

Nyumbani alimweleza Kendi, naye hakuhitaji hata kuacha kukata sukuma wiki. Alisema masikio yanapochoka kwa kelele, huanza kuondoka zile sauti za juu. Mtu husikia watu wakiongea, husikia gari, lakini filimbi, ndege na mng'ao wa nyuzi vinapotea polepole bila yeye kujua. Dawa ya kuyarudisha hakuna. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni, kuna kipimo wanachokiita hearing test, na zaidi ya yote kuna kuacha kukaa kwenye kelele.

"Mwambie," Kendi alisema.

"Nimwambieje? Yule ni mpiga gitaa. Ni kama kumwambia mpishi hana ulimi."

"Basi toboa gitaa," Kendi alisema. "Maana atakachotaka sasa ni hicho."

Na kweli, siku mbili hazikupita Balthazar akapiga simu. Alikuwa amefikiri, amesali, ameongea na wapiga gitaa wenzake, na wote wamekubaliana: pikapu izikwe ndani, tena mbili. Ibada ya Krismasi imekaribia, na kiongozi wa kwaya amemwambia kwa heshima kwamba sauti ya gitaa lake isipotengenezwa, sikukuu hii wataimba na kinanda peke yake. "Ninajua tulisema hatutoboi," alisema. "Lakini, fundi, kama sisikiliki, mie niko nani?"

Jumapili iliyofuata Omollo alifunga karakana, akavaa shati la Sabato siku isiyo ya Sabato, akapanda treni kwenda Fairfield.

Kanisa lilikutana katika ukumbi wa kukodi. Alimwona Balthazar jukwaani na Nyar Granville, aliyekwisha kukaushwa mafuta, na akaelewa kila kitu kabla hata wimbo wa kwanza haujaanza. Kwa Wakongomani mpiga solo ana kiti cha heshima, naye Balthazar amekikalia tangu walipofika nchi hii: katikati ya jukwaa, spika kubwa nyuma ya mgongo, na sahani ya shaba ya mpiga ngoma ikining'inia kimo cha sikio lake la kushoto. Kila pigo la "chii" lilikuwa linampata kama kofi. Yeye alikuwa ametulia, anatabasamu, kama mtu aliyekaa kwenye upepo mzuri. Mkono wake ulipogusa nyuzi za juu, safu mbili za kwanza ziliinamisha vichwa, na haikuwa kwa unyenyekevu.

Baada ya ibada Omollo alimtafuta Mama Généreuse, mke wa Balthazar. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye kilemba kikubwa cha kitenge. Alipomwona fundi alimvuta kando, akapenyeza vidole chini ya kilemba, akatoa pamba sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Sasa nakusikia," alisema. "Karibu, baba."

Omollo alitazama zile pamba. "Kwa hiyo unajua."

"Miye najua siku mingi. Televisheni yetu inasikilika mpaka kwa station ya treni. Simu ikilia, mie ndiye ninamwambia. Watoto wakiongea naye kwa sauti zao ndogo za kike, anaitikia tu 'oui, oui', hata kama wamesema nyumba inaungua."

"Mbona hujamwambia, mama?"

Généreuse alikunja zile pamba kwenye leso. Ucheshi ulimtoka usoni kidogo. Alisema kwamba mwaka mmoja Balthazar alivunjika mkono kazini, akakaa bila gitaa mpaka mfupa ukaunga. Hakula vizuri, hakutania mtu, hakugombana hata na wajomba kwenye simu. "Niliishi na kochi," alisema. "Akijua masikio yameenda, ataacha. Anajua kujivunia, unamwona. Njo maana nanyamaza. Mwambie wewe, fundi. Wewe ni mtu wa kazi."

"Mimi ni mtu wa nje. Wewe ni mke."

"Mke anasemaka mambo mingi, hayasikiliwi. Ya fundi yanasikiliwa."

Wakakaa hapo wakisukumiana, kila mmoja akiwa na sababu nzuri kabisa ya kutomfunga paka kengele. Mwishowe walikubaliana kwamba ataambiwa, na hawakukubaliana na nani.

Siku ya kutoboa ikafika. Balthazar alikuja na kofia yake na bashasha. Mama Généreuse alikataa kushuka. Alisema atabaki garini kwenye kiyoyozi, hataki kuona mtoto wa watu akipasuliwa. Omollo alikuwa amemlaza Nyar Granville kwenye blanketi juu ya meza. Alichukua penseli, akachora mstatili mmoja karibu na shingo, akachora mwingine karibu na kidaraja. Kwenye ule mti mweupe mistari ilionekana michafu. Akashika dreli. Akaiangalia ncha yake ya kutobolea, akaiweka chini, akaibadilisha na nyembamba zaidi, akaiweka chini tena. Alikuwa anaogopa, na ninasema hivyo bila kumvunjia heshima. Aliogopa kulikata lile tumbo, na aliogopa zaidi kumkata yule mtu.

"Fundi, mbona unasali?" Balthazar aliuliza. "Tulishasali."

"Twende nje kidogo," Omollo alisema.

Walisimama chini ya ule mti. Kelele ilikuwa ya kutisha. Ilishuka juu yao kama kokoto kutoka kwenye lori. Omollo alitazama shina mpaka akamwona mmoja, wa kijani, mabawa ya kioo, amejishikiza kimo cha bega. Alimnasa kwa vidole viwili. Nyenje akashikwa na ghadhabu, akapiga ukelele wa peke yake, mkali kuliko msumeno unaokata bati. Omollo alikunja uso, akaushika mkono wa Balthazar, akamwekea yule mdudu kiganjani na kumfunika kwa vidole vyake.

Balthazar alishtuka. Akausogeza mkono karibu na uso. Mdudu alikuwa anatetemeka mwili mzima, kiganja kikiwasha kwa mtetemo. Alimtazama, akamtazama Omollo aliyekuwa ameziba sikio moja kwa bega, akamtazama tena mdudu.

"Analia?" aliuliza.

"Analia, mzee. Ananiumiza."

Balthazar alimsogeza nyenje mpaka kwenye tundu la sikio la kulia. Akakaa hivyo muda mrefu. "Namsikia kidogo," alisema. "Kama mtu anapepeta mchele nyumba ya pili." Akainua macho juu kwenye mti. "Na kule juu?"

"Wamejaa. Hawajawahi kuwa wengi hivi."

Alifungua kiganja. Nyenje aliondoka zake. Balthazar alivua kofia, akaigeuzageuza, akaivaa tena.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya mafuta."

"Na Généreuse?"

Omollo alitamani sana kuwa na kabati la kupima. "Mama ana pamba," alisema.

"Pamba gani?"

"Za masikioni. Chini ya kilemba. Za kanisani."

Kimya kilikuwepo, kwa Balthazar. Kwa Omollo kulikuwa na nyenje. Halafu mabega ya yule mtu mrefu yakaanza kutikisika, na Omollo hakujua kama ni kilio mpaka aliposikia kicheko. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika, cha mtu anayecheka kwa sababu mlango wa kilio umefungwa. "Miaka yote," alisema. "Nilifikiri anainamisha kichwa kwa Roho Mtakatifu." Akacheka tena, akajipangusa macho, na kicheko kikamwishia. "Basi, fundi. Chukua mtoto wako. Umpe mtu mwenye anasikia. Mie nimemaliza."

Hapo ndipo upole wa Omollo ulipoisha.

"Hapana," alisema, na Mjaluo akapanda juu. "Nimemchonga mimi, mkono wako nimeusikia mimi, na mimi ndiye nitasema nani anaoa nyumbani kwangu. Vidole vyako vimepungukiwa nini? Hakuna. Ulichokosa ni kujua kama imetoka vizuri, na hiyo nani anajua? Kinyozi hajinyoi. Mimi nikipiga msasa hadi mwisho, bado namwita Kendi aangalie mlango kama umenyooka, na Kendi hajui hata kushika msasa. Keti ndani. Usitoke."

Alikwenda kwenye gari akagonga kioo. Mama Généreuse aliteremka akiwa ameshika mkoba mbele yake kwa mikono miwili. Alipoingia na kumwona mumewe alivyokaa, alijua. Hakusema pole. Alivua kilemba chote, akakiweka mezani kando ya dreli, akakaa kwenye kiti akiwa na nywele zake za mvi zilizosukwa mistari, masikio wazi.

"Mnitafutie sauti," alisema.

Omollo alifuta mistari ya penseli kwa raba, polepole. Akafunga kidude cha chini ya kidaraja kwanza. Balthazar alipiga mistari michache bila moyo. Généreuse akainua mkono. "Hii ni ya kufukuza ndege mu shamba." Ikatolewa. Ikafuata pikapu ya kwanza kabisa, ile ya mizunguko mingi. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande. "Huyu amekula sana, anataka kulala," alisema, nayo ikatolewa. Omollo akaining'iniza ya pili, ile aliyoiona ni asali na ambayo alikuwa amekatazwa kuipenda. Alirudisha kitufe cha sauti za juu katikati, akaenda kusimama mbali.

Balthazar akapiga. Généreuse hakuinua mkono. Alifumba macho. Balthazar aliendelea, akasimama, akaendelea tena kwa sababu hakuambiwa aache, na sebene ikaanza kuwa sebene.

"Njo hii," Généreuse alisema, macho bado amefumba. "Ulikuwaka na hii sauti Butembo. Jioni zile ulikuja kupigia kwa baba, unajifanya unamtafuta kaka yangu. Sikuisikia tena tangu tutoke." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyashughulikia. "Nilifikiri ilibaki kule."

Balthazar alikuwa ameacha kupiga. "Ile ile?"

"Ile ile."

"Haiko mu blanketi?"

"Hapana. Iko na macho."

Aliangalia gitaa, akaangalia vidole vyake. Kwake yeye, sauti iliyotoka kwenye ile spika ilikuwa bado iko chini ya blanketi, na itabaki huko, hata wakimwekea vifaa vya Kendi masikio yote mawili. Alilijua hilo sasa. Aliuliza, kwa aibu kidogo, "Krismasi utakaa wapi?"

"Mbele," alisema mkewe. "Na wewe utahama pale kwa ngoma. Utakaa pembeni, mahali ninakuona."

"Kiti changu njo cha katikati."

"Pembeni, Balthazar."

Omollo alianza kukaza skrubu za pikapu. Balthazar hakumsubiri amalize. Alianza kucharaza hivyo hivyo, bisibisi ikiwa kati ya mikono yake. Kwa kawaida alipiga akitazama vidole. Sasa aliinua uso, akawa anamtazama Généreuse. Alipoharakisha, aliona paji lake likikunjamana, akapunguza. Alipopanda nyuzi za juu, zile ambazo hazimfikii tena, alipanda kwa uangalifu, macho hayabanduki usoni kwake, na alipoona mdomo wa mkewe unalegea na kichwa kinaanza kwenda kushoto na kulia, akajua amefika, akakaa hapohapo akipiga.